Singeli na vijana wa uswahilini Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

Singeli ni nini?

Ni muziki wa kasi kubwa uliozaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, hasa upande wa Manzese, Tandale na Mburahati, kisha ukashika Temeke, Mbagala na jiji zima. Nyimbo nyingi hukaa kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. DJ anazungusha vipande vifupi vya kinanda na ngoma, MC anachana, yaani anarap, juu yake kwa Kiswahili cha mtaani, na watu wanacheza mpaka vumbi linapanda.

Anayeijua singeli kwa redio tu anaijua nusu. Muziki huu ulikulia shughulini, kwenye turubai la harusi na mkesha wa mwali, kabla haujaingia studio. Karibu kila kitu kinachowashangaza wageni, iwe kasi, marudio au sauti iliyokwaruza, kina sababu yake pale uwanjani.

Ni harakati ya vijana au ni muziki tu?

Haina ilani, haina mwenyekiti, wala hakuna siku iliyotangazwa kuanza. Hata hivyo, vijana ambao redio na kumbi kubwa ziliwafungia mlango walijitengenezea sauti yao, studio zao, njia zao za kusambaza nyimbo na nyota wao, bila kusubiri ruhusa ya mtu. Kwa miaka mingi waliitwa wahuni na muziki wao ukaitwa kelele. Waliendelea. Kwetu sisi hiyo ni harakati, tena mojawapo ya zilizofanikiwa zaidi hapa mjini.

Ina tofauti gani na bongo fleva?

Rap ya Dar iliingia kupitia kanda na video kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni wengi walichana kwa Kiingereza. Saleh Jabir alionyesha mwaka 1991 kwamba Kiswahili kinachaneka, kundi la Kwanza Unit likaja 1993, na redio binafsi zilizoanza katikati ya muongo huo zikaibeba bongo fleva hadi kila nyumba. Juma Nature na wenzake wa Temeke waliiingiza uswahilini ndani ya rap. Baadaye bongo fleva iliegemea nyimbo za mapenzi na video za gharama.

Singeli haikuanzia kwenye kanda ya mtu wa nje. Mizizi yake ni ngoma za pwani, mchiriku na taarabu, na mlango wake ni shughuli ya mtaani. Pande hizi mbili zimekutana mara nyingi: Professor Jay, mkongwe wa rap, amefanya kazi na Sholo Mwamba wa singeli.

## Chimbuko

Singeli imetoka wapi hasa?

Imetokana na vitu vitatu vilivyokutana katika mtaa mmoja. Cha kwanza ni ngoma za Wazaramo na majirani zao, zile za kumtoa mwali na mdundiko wa kuzunguka mtaani, ambako wapigaji na wachezaji wanasonga pamoja na hakuna jukwaa linalowatenganisha. Cha pili ni mchiriku, tunaoueleza katika swali linalofuata. Cha tatu ni taarabu ya kisasa, ile ya rusha roho, iliyokuwa ikipigwa kila harusi.

Ma-DJ wa shughuli waligundua jambo moja: katika wimbo wa taarabu wa dakika kumi na zaidi, watu huchangamka pale mwimbaji anaponyamaza na kinanda kikabaki na ngoma. Basi wakakikata kile kipande, wakakirudia, wakakiongeza kasi, na kijana mwenye maneno akapewa maiki. Mwanzoni MC alikuwa mtu wa kuhamasisha tu: kumtaja mwenye shughuli, kuwataja watu wa mtaa, kuwaita waje kutunza, yaani kutoa zawadi ya fedha. Maneno hayo yakarefuka yakawa mistari.

Mchiriku ni nini, na vifaa vyake ni vipi?

Mchiriku, wengine husema mnanda, ulivuma Dar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kundi linalojulikana zaidi nje ya nchi ni Jagwa Music, lililoanza 1992. Vifaa ni vichache: kinanda kidogo cha Casio cha betri, ngoma kadhaa za kienyeji, kigoda au ubao wa kugonga kwa vijiti, maiki, amplifaya kuukuu na spika za honi kama zile za mikutano ya hadhara.

Honi ndiyo siri ya ile sauti. Imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu na umbali, kwa hiyo inatupa sauti za kati mbali sana na besi inakuwa hafifu. Ukipitisha kinanda cha Casio kwenye amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa na noti zinakwaruza. Wapigaji waliizoea, wakaipenda, na wakaanza kuitafuta kwa makusudi. Besi ikabaki kazi ya ngoma zenyewe, maana ziko pale pale karibu na wachezaji. Ukisikia kinanda chembamba, kikali, kisichonyamaza katika singeli ya leo, huyo ni mtoto wa Casio na honi.

Mashairi ya mchiriku yalikuwa mazito: ukosefu wa kazi, dawa za kulevya, usaliti wa mapenzi, maisha ya ghetto. Wasiosikiliza maneno waliona fujo tu.

Kwa nini kasi kubwa namna hii?

Kwa sababu uwanja uliidai. Mkesha ni mrefu, umati ni wa vijana, na DJ aliyeshusha kasi aliwaona watu wakihamia shughuli ya mtaa wa pili. Kila DJ akaongeza kidogo kumpiku mwenzake. Programu za kuchezesha muziki kama Virtual DJ zilirahisisha mambo: unasogeza kitufe kimoja tu. Tena mwili wa mchezaji hauhesabu mapigo yote 240. Miguu hufuata nusu au robo yake, kiuno kikachukua yaliyobaki, kama ilivyo katika ngoma nyingi za pwani.

Nani aliyeianzisha?

Hakuna mtu mmoja, na anayekupa jina moja anakupunja. Msaga Sumu ni miongoni mwa MC wa mwanzo waliofahamika na mashabiki wengi humwita mfalme wa singeli. Upande wa biti, ma-DJ wengi wa shughuli ambao majina yao hayakuandikwa popote ndio waliokata na kuunga vile vipande vya kwanza. Baadaye studio za mtaani zikatoa majina: Sisso na studio yake Mburahati, Duke na Pamoja Records, Jay Mitta, Bamba Pana. Katika kizazi cha redio wapo Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila na Meja Kunta.

Je, hii ni mara ya kwanza muziki na mitindo ya vijana wa Dar kupigwa vita?

Hapana, na historia hii inafaa ijulikane. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi 1 Januari 1969. Vilivyolengwa ni sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua, kwa hoja kwamba vinavunja heshima ya utamaduni wa taifa. Mwaka huo huo wa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam.

Sababu zilizotolewa wakati ule, yaani maadili, heshima ya wanawake na hofu ya vijana wasio na kazi mjini, zilirudi karibu zote wakati wa mchiriku na tena wakati wa singeli. Tofauti moja ni kubwa, nayo inasemwa mara chache. Soul ilishtakiwa kuwa ya kigeni. Singeli ni ya hapa hapa kwa damu na ngoma, bado ikashtakiwa. Kwa hiyo suala la ugeni halitoshi kueleza hasira hizi. Zina uhusiano mkubwa zaidi na nani anashika maiki na anatoka mtaa gani.

## Kigodoro na uwanja

Kigodoro ni nini, na kwa nini kinalalamikiwa?

Ni mkesha wa muziki mtaani, mara nyingi kabla ya harusi, kumtoa mwali au sherehe nyingine ya familia. Turubai linafungwa barabarani au kwenye uwazi kati ya nyumba, viti vya plastiki vinapangwa pembeni, umeme unavutwa kutoka kwa mwenye shughuli, na spika zinaelekezwa kule watu wanakotokea. Hulipi kiingilio.

Malalamiko ni ya aina mbili, yasichanganywe. La kwanza ni kelele, nalo ni la haki: kuna wagonjwa, watoto wachanga na watu wa zamu ya asubuhi. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinasimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, na viwango vya usiku ni vya chini kuliko vya mchana. La pili ni uchezaji wa viuno na mavazi, hasa watoto wakiwepo. Viongozi wa maeneo mbalimbali wamewahi kupiga vigodoro marufuku kwa hoja hiyo, na ngoma ya baikoko ya Tanga nayo ilikumbana na hayo hayo. Kuwaondoa watoto mapema ni jambo jema na linawezekana. Kufuta shughuli yote kwa sababu hiyo ni kumwadhibu mama aliyekuwa anamtoa binti yake.

Wanawake wako wapi katika singeli?

Kwenye maiki ni wachache kuliko wanavyostahili. Uwanjani wao ndio wenye shughuli: wanachanga, wanachagua sare ya dera au kanga, wanamwita DJ, wanamlipa na wanatunza. DJ asiyewafurahisha wanawake wa mtaa haitwi tena. Anayesema singeli ni muziki wa wanaume anawatazama walio jukwaani peke yao.

Nataka kuandaa shughuli yenye singeli mtaani. Nifuate hatua gani?

Andika barua ya kuomba kibali kwa serikali ya mtaa, ukitaja tarehe, mahali, aina ya shughuli, saa ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya mtu wa kuwajibika. Ukishapata muhuri, uliza pale pale kama unahitaji kupita kwa mtendaji wa kata na kituo cha polisi. Ukifunga njia au ukikesha, jibu mara nyingi ni ndiyo. Nenda mapema, maana barua ya siku moja kabla humpa ofisa sababu rahisi ya kukataa. Kama unauza tiketi, hiyo si shughuli ya familia tena, ni onyesho, na mambo ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kodi yanaingia.

Halafu pita kwa majirani kwa miguu. Shughuli nyingi zinazokatishwa usiku hukatishwa kwa simu ya jirani ambaye hakuambiwa chochote. Elekeza spika ndani ya uwanja, ziinue kidogo na uziinamishe chini, na ushushe besi saa zikisogea, kwa kuwa besi ndiyo inayopenya kuta.

Kwa nini spika huungua katikati ya shughuli?

Mara nyingi kosa ni amplifaya ndogo kulazimishwa kufanya kazi kubwa. Ikizidiwa inakata vichwa vya mawimbi, nishati nyingi inahamia sauti za juu, na tuita, zile spika ndogo za sauti za juu, zinakufa kwanza. Taa nyekundu ya amplifaya ikiwaka mfululizo, shusha, hata MC akipiga kelele.

Kosa la pili ni kuunganisha spika bila hesabu. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za kukodi hazihimili hapo. La tatu ni waya mwembamba mrefu wa umeme kutoka nyumba ya tatu: umeme unashuka, amplifaya inahema, DJ anaongeza sauti, kisha kila kitu kinazima. Tumia waya mnene, mfupi, na usiweke friji ya soda kwenye laini hiyo hiyo.

## Kutengeneza singeli

Nahitaji vifaa gani kuanza?

Laptopu ya kawaida yenye FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), hedifoni na maiki moja. Studio nyingi za mtaani zilianza hivyo, chumba kimoja na godoro ukutani la kuzuia mwangwi. Kinanda si lazima, maana wapo wanaopiga noti kwa vitufe vya kompyuta wakafika mbali. Ukiwa na hela ya ziada, nunua kwanza betri nzuri ya laptopu, kwa sababu umeme ukikatika na kazi haijahifadhiwa, imepotea.

Biti inajengwaje?

Weka kasi 240 kama mwanzo. Hapo pigo moja lina milisekunde 250, na mzunguko wa mapigo 16 unaisha kwa sekunde 4. Anza na ngoma ya besi, kisha ngoma za juu zinazojibizana kama wapigaji wawili wa mdundiko. Ziandike kwa mkono badala ya kuzinyoosha zote kwenye mstari, maana zikinyooka mno zinakosa mwendo wa hapa. Weka kayamba au chekecheke kwenye nusu pigo. Kinanda kinakuja mwisho: noti nne au tano, juu, zikirudiwa. Badilisha kitu kimoja kila mapigo 64, yaani kila sekunde 16: toa ngoma, ongeza filimbi, geuza noti ya mwisho. Usibadilishe vyote kwa pamoja, mchezaji atapotea.

Ukikimbiza kipande cha taarabu kutoka 120 hadi 240 bila kutenganisha kasi na kimo (wembamba au uzito wa sauti), sauti inapanda oktavi moja kamili. Kutoka 120 hadi 180 inapanda nusu toni 7 hivi. Wengi huiacha ipande kwa sababu ule wembamba ndio ladha. Kama unataka sauti ya mwimbaji ibaki ya mtu mzima, tumia kitufe cha kufunga kimo, ukijua kwamba ukivuta sana ngoma zitasikika zimechanika. Suala la haki za kipande hicho tazama sehemu ya mwisho.

Biti yangu inasikika mchafukoge. Tatizo nini?

Karibu kila mara ni mikia, yaani sauti inayobaki baada ya pigo. Ngoma ya besi yenye mkia wa milisekunde 400 ni nzuri kwenye bongo fleva, ila katika kasi ya 240 pigo la pili linaingia la kwanza halijaisha, na la tatu vile vile. Ikate ifike 150 hivi. Mwangwi wa sekunde moja unafunika mapigo manne. Utoe kwenye ngoma, uuache kidogo kwenye sauti ya MC.

Sababu nyingine ni kinanda na MC kugombania sehemu moja ya sauti za kati. Punguza kinanda pale MC anapochana, au kipandishe oktavi. Mwisho, sikiliza kwenye simu. Wasikilizaji wengi watausikia wimbo kwa spika ndogo ya simu, bajaji au bodaboda, ambako besi ya chini kabisa haitoki. Kama mwendo unapotea kwenye simu, ngoma zako za kati ni dhaifu.

MC anaimudu vipi kasi hiyo?

Hesabu ni nyepesi kuliko inavyosikika. Silabi moja kwa kila pigo katika 240 ni silabi nne kwa sekunde, mwendo wa mtu anayezungumza kawaida. Ukienda silabi mbili kwa pigo ni nane kwa sekunde, na hapo maneno huanza kumezwa. MC wazuri hukaa kwenye nne na kuruka hadi nane kwa sekunde chache tu, umati ukishapanda. Kiswahili kinasaidia sana, silabi zake zikiwa fupi na zikiishia vokali.

Shika maiki sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni na usifunike kichwa chake kwa kiganja. Ukifunika, inapiga yowe na maneno yanazibwa. Panga mahali pa kuvuta pumzi kabla ya kupanda, ukimwachia DJ mzunguko mmoja. Na ujue majina ya wenye shughuli. Hakuna mstari unaolipa kuliko jina la mama mwenye nyumba likitajwa sawasawa.

## Kuenea na urithi

Nyimbo zilisambaaje kabla ya kuchezwa redioni?

Kwa memori kadi na flashi. Kibanda cha kuchaji simu chenye kompyuta kilikuwa ndicho duka la muziki: unalipa kidogo, unaingiziwa nyimbo. Bodaboda na bajaji wakafanya kazi ya redio. Prodyuza hakuona senti hapo, lakini alipata mialiko ya shughuli, na shughuli ndiyo iliyolipa.

Redio ziliikubali lini?

EFM, iliyoanza 2014, iliipa singeli nafasi kubwa kuliko kituo kingine chochote mjini, na mwaka 2016 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulivuma nchi nzima. Baada ya hapo kampeni za siasa, matangazo na mashabiki wa Simba na Yanga wote wakataka singeli. Mafanikio hayo yana gharama: nyimbo zilifupishwa, kasi ikashushwa kidogo, maneno yakasafishwa.

Mbona singeli inayojulikana Ulaya si hii ya redioni?

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliorekodiwa na vijana wa Mburahati. Ndiyo iliyopeleka majina ya Sisso, Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na baadaye DJ Travella kwenye matamasha ya Ulaya. Huko walipenda ile kali zaidi, mara nyingi bila MC, yenye kelele na kasi ya kutisha. Kwa hiyo wapo watu wanaojaza ukumbi Ujerumani na hawatambuliki Mbagala, na kinyume chake. Zote ni singeli halali, zimekwenda masoko mawili tofauti. Tunachoomba ni msikilizaji wa nje asidhani kwamba ile isiyo na maneno ndiyo asilia. Mtaani, MC hajawahi kuwa pambo.

Kuchukua kipande cha taarabu ni wizi?

Kisheria unahitaji ruhusa. Kuna haki mbili: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi. Ukikipiga upya kipande hicho kwa kinanda chako umeepuka haki ya rekodi, ila ya utunzi bado ipo. Shughulini hakuna aliyeuliza. Ukiweka wimbo mtandaoni, mifumo ya kutambua sauti inaweza kuushusha au kupeleka mapato kwa mwingine. Andika noti zako mwenyewe tangu mwanzo, na usajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haijavuma, maana ikishavuma wanaodai kuwa yao huwa wengi.

MC akitukana jukwaani, nani anawajibika?

Wote watatu wanaweza kuitwa: MC, DJ na aliyeombea kibali. BASATA ina mamlaka ya kufungia nyimbo na wasanii kwa sababu za maadili, na imeyatumia. Kubaliana na MC kabla, tena mbele ya DJ, kipi hakisemwi na ni saa ngapi watoto wanaondoka. DJ awe tayari kuzima maiki bila kuzima biti: akizima vyote, watu hugeuka kumtafuta aliyeharibu; biti ikiendelea, wengi hata hawatambui.